Mkebe wa Funza Weusi

Rosebella alizikwa Kamukuywa Jumamosi, na kwenye mazishi yake ni mimi niliyepigiwa makofi. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa vipande. Watu wa umri wangu tunazika karibu kila mwezi, tumezoea, tunajua hema litafungwa upande gani na nyama itaisha ikifika meza ya ngapi. Lakini makofi sikuwa nimeyazoea, na zaidi makofi ya kupewa mbele ya jeneza la mwanamke niliyemwonea wivu miaka karibu arobaini. Ndiyo sababu nimechukua hili daftari la mjukuu wangu, lililobaki kurasa tupu huku nyuma, na ninaandika kwa Kiswahili changu cha darasa la nne. Hesabu nilisahau zamani. Majina ninayo yote, hata ya kuku.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata njaa ya mahindi ya manjano. Aliyekula ugali wa yale mahindi hahitaji kuambiwa ni mwaka gani, na ambaye hakula amshukuru Mungu. Njaa ile ndiyo iliyomtoa mama mkwe wetu, Mayi Nasambu, Kamukuywa, akatufuata hapa Kibomet, Kitale, na kigoda chake, gunia la nguo, na mkebe wa tumbaku ambao alikuwa hampi mtu hata amshikie. Nasema mama mkwe wetu kwa sababu tulikuwa wawili: mimi, mke wa Simiyu, na Rosebella, mke wa Barasa, mdogo wake Simiyu. Ndugu hao walikuwa na ploti moja, nyumba mbili, na majiko mawili yaliyopeana mgongo. Ukuta katikati ulikuwa mmoja, wa udongo, na udongo ule ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi usawa wa kifua. Kwa ule ufa nilisikia maisha yote ya Rosebella, na nikikunja shingo kidogo, niliyaona.

Kwa mila zetu mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Kwa hivyo Mayi Nasambu alilala jikoni: wiki moja jikoni kwangu, wiki moja jikoni kwa Rosebella, kitanda cha kamba kinabebwa huku, kinarudishwa kule. Mwezi wa kwanza ulipoisha akatuita wote wawili, akakaa kwa kigoda chake pale nje, akasema: "Mimi si mpira. Krismasi ikifika nitachagua jiko moja, nife huko." Akafungua mkebe wake, akanusa tumbaku, akapiga chafya, mkutano ukaisha.

Leo nikiwaeleza wajukuu, wanacheka. Ati nyanya mlikuwa mnagombania kumlisha mama mkwe? Siku hizi kila mtu anamsukumia mwenzake. Lakini sisi tulikuwa na hesabu nyingine. Mimi nilikuwa mke wa mkubwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikishuka Kamukuywa kumlimia yule mama wakati Rosebella bado anaruka kamba huko kwao mlimani. Kama Mayi angechagua jiko la yule msichana, Kibomet yote na Kamukuywa yote wangejua kwamba mimi, Selina, miaka yangu minane ya ndoa, nimepimwa nikaonekana sitoshi. Wakati huo nilikuwa natembea bila viatu. Nakuambia kweli, kile kitanda cha kamba nilikitaka kuliko viatu.

Jiko langu lilikuwa safi. Nilisiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe kila Ijumaa, nikachora maua kwa vidole. Sufuria zangu zilining'inia ukutani zinang'aa kama zinangoja harusi. Lakini chakula kilikuwa ugali na sukuma, kesho yake ugali na kunde, kesho kutwa tena sukuma. Kuku nilikuwa nao watano: Madoadoa, Bi Arusi, Kiguru, Mama Mchungaji na jogoo mmoja, Saa Sita, ambaye aliwika mchana peke yake. Walikuwa wembamba kama waimbaji wa mfungo. Baada ya njaa ile mtu na kuku waligombania punje moja, na pumba zenyewe watu walikuwa wanakula. Jiko la Rosebella, kwa upande wake, lilikuwa chafu. Nasema chafu. Majivu mpaka mlangoni, mwiko chini. Na bado kuanzia Pasaka ile, wiki ambazo Mayi alikuwa kwake, harufu iliyopenya kwa ufa ilikuwa ni ya kuku wa kuchemsha.

"Huyu ni kuku wa wapi, Rosebella?" nilimsikia Mayi akiuliza jioni moja. "Kuku wa Kitale hanenepi hivi mwaka huu."

"Ni kuku wako, Mayi. Kula."

"Leta na shingo. Kwa yule mwingine nimetafuna sukuma mpaka meno yamekuwa kijani."

Wakacheka, wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, ugali wangu juu ya moto, na uliungua kwa sababu niliposikia kicheko kile niliacha kugeuza. Simiyu alikula ule ugali ulioungua bila kuuliza. Alikuwa mtu wa amani, Mungu amrehemu.

Kesho yake nilizunguka nyuma ya jiko la Rosebella nikijifanya natafuta kuku aliyepotea. Alikuwa na pipa lililokatwa nusu, limeegemezwa ukuta pale pale nyuma ya mafiga yake, mahali ambapo joto la moto linapita. Ndani kulikuwa na machicha, yale mabaki yanayobaki pombe ya busaa ikikamuliwa, na maganda ya ndizi na viazi. Na vyote vilikuwa vinatembea. Ukiinamisha sikio ungesikia mlio kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Kuku wake kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni pale, wanono, wanang'aa, hawana haraka, kama wake wa machifu.

"Unawapa nini hawa?" nikamuuliza.

"Funza tu, Mama Wekesa."

"Funza wa choo?"

"Choo! Wewe! Wa machicha. Kule kwetu mlimani walikuwa wanajaa kwenye maganda ya kahawa. Kuku wa marehemu baba walikuwa hata hawarudi nyumbani kula." Aliingiza mkono hivi hivi, akatoa konzi, akanionyesha. Walikuwa wakubwa, bapa, wamekatwa pingili pingili. "Hawanuki. Na pahali wako, nzi wa kawaida wanahama."

"Na mama yao ni nzi gani basi?"

"Ni mweusi, mrefu hivi, kama nyigu. Hana shida na mtu. Hata mdomo wa kula hana."

Hapo ndipo alipokosana na mimi, na hakujua. Nzi asiye na mdomo! Nani amewahi kusikia? Nilimtazama usoni nikaona ananicheza. Nikajiambia, huyu ana kitu anaficha, na ananiambia hadithi za watoto ili niende zangu. Nikaenda zangu. Miaka mingi baadaye nilikuja kuambiwa na watu waliosoma kwamba kweli yule nzi akishatoka hali kitu, anaishi kwa mafuta aliyonenepa nayo utotoni. Rosebella aliniambia ukweli mtupu, na mimi kwa wivu wangu nikausikia kama matusi.

Nikasema, kama ni funza, nani atashindwa na funza? Mungu amejaza funza dunia nzima bure. Nilichukua beseni langu lililopasuka, nikaenda sokoni kwa wauza samaki, nikaomba vichwa na matumbo, nikavimwaga ndani na kuviweka nyuma ya jiko upande wangu. Siku ya tatu nzi wa kijani walijaa kama mawingu. Siku ya tano nilikuwa na funza, wadogo, weupe, wa kutambaa ovyo. Na nilikuwa na harufu. Simiyu alirudi kutoka kibarua cha kupalilia mahindi, akasimama mlangoni na jembe begani.

"Mama Wekesa," akasema polepole, "ni nani amekufa humu na hamjaniambia?"

Niliwapa kuku wale funza. Wakala kwa pupa, nikafurahi. Siku ya pili yake Madoadoa alishindwa kuinua kichwa. Shingo ilikuwa imelegea kama kamba iliyolowa, macho yako wazi, anakuangalia, lakini shingo haimtii. Kabla ya jua kutua alikuwa amekufa, na Bi Arusi akamfuata asubuhi. Mayi Nasambu alikuwa kwangu wiki hiyo. Alikaa kwa kigoda akinitazama nikiwazika chini ya mgomba, kwa sababu kuku wa namna hiyo huwezi kumla. Alisema baadaye, wiki ya Rosebella, kupitia ufa: "Yule ana mikono ya baridi. Hata kuku wamemkimbia kwa njia ya kufa." Nilimwaga machicha juu ya ule uchafu wa samaki ili kuua harufu, machicha niliyoomba kwa aibu kwa mama mmoja mpika busaa, mimi Mkristo, nikafunika beseni kwa gunia, nikaacha hivyo.

Basi nikaanza kuangalia vizuri. Nilisema mwenzangu ana funza na mimi nimekuwa na funza, wake wanaleta supu na wangu wanaleta mazishi. Lazima kuna kitu cha katikati. Na nikakiona. Juu ya pipa lake, kwenye msumari, kulikuwa na magunzi ya mahindi, kama manane, yamekauka, yamefungwa pamoja kwa kitambaa chekundu na kuning'inizwa usawa wa mdomo wa pipa. Magunzi! Kitale nzima inakanyaga magunzi, tunawashia moto, tunatupa, watoto wanacheza nayo. Mtu mwenye akili yake anayafungaje kwa kitambaa chekundu na kuyatundika? Nilipoona ule wekundu nilirudi nyuma hatua moja. Nikajua sasa. Si funza, ni dawa. Huyu msichana wa mlimani amefunga kitu juu ya pipa ili kuku wake wanenepe na wangu walegee shingo. Na afadhali niseme ukweli wote: sikuogopa tu. Nilifurahi. Kwa sababu kama ni dawa, basi mimi sikuwa nimeshindwa.

Jumatano mchana, akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, niliingia nikayatoa pale. Yalikuwa mepesi, na kwenye vishimo vya magunzi, pale punje zilipokuwa, kulikuwa na vitu vidogo vyeupe kama chenga za unga. Nikasema ndiyo hiyo yenyewe, unga wa mganga. Nilitaka kuyachoma hapo hapo, nikaogopa kuchoma dawa kwenye mafiga yangu, moshi wake uende wapi? Nikayaficha chini ya leso, nikaenda nyuma ya jiko langu, nikainua gunia, nikayalaza ndani ya beseni lile la zamani juu ya machicha, nikafunika. Yalikaa humo mpaka Jumatano iliyofuata, nilipopata nafasi ya kuyapeleka kwenye shimo la takataka la mbali. Niliyamwagia mafuta ya taa, nikayachoma nikiimba pambio la ushindi.

"Mama Wekesa," Rosebella aliniuliza jioni ile aliyoyakosa, "hujaona magunzi yangu?"

"Magunzi? Si magunzi yako kila mahali! Nenda kinuni ukaokote."

"Hayo yalikuwa ya kazi."

"Kazi gani ya gunzi?"

Alinitazama kidogo tu. "Basi," akasema. Akarudi jikoni kwake, na hakuniuliza tena.

Usiku wa siku niliyoyachoma, au kesho yake, nilisikia kwa ufa akimwambia Mayi. Wageni wa Barasa walikuwa wamekuja wiki iliyopita, akawapa kuku funza wote wa pipa, wakubwa kwa wadogo, akijua haina neno kwa sababu nzi walikuwa wameshataga kwenye magunzi. Nzi huyo hatagi ndani ya uchafu, alisema, anataga juu yake, mahali pakavu penye vishimo, na gunzi ni nyumba ambayo Mungu amemjengea. Mayai yakianguliwa vitoto vinadondoka vyenyewe kwenye pipa. "Nilikuwa nimebakiza mayai peke yake, Mayi. Na sasa mvua hii na baridi, nzi hawatatoka." Na kitambaa chekundu? Kilikuwa kipande cha leso yake iliyoraruka. Hakuwa na kamba.

Ningeweza kuvuka hatua saba, kwa sababu zilikuwa saba, kutoka mlango wangu hadi wake, nikasema nimekosa. Nilikuwa nikichambua kunde, nikaendelea kuchambua. Ndani ya wiki chache kuku wa Rosebella walianza kupungua manyoya shingoni, wakaacha kutaga, wakaanza kuzurura kama wangu. Harufu ya supu ikakatika. Mayi akala sukuma pande zote mbili. Nikajiambia, angalau sasa tuko sawa.

Halafu mwezi wa tisa nikainua lile gunia. Nilikuwa nataka beseni ili nitengeneze matope ya kusiliba. Nililiinua, na chini yake palikuwa panatembea. Si wale wadogo wa samaki. Ni wakubwa, bapa, wenye pingili, na mlio ule ule wa mvua ndogo. Harufu ya samaki ilikuwa imeisha kabisa, imebaki harufu ya udongo. Nilijua mara hiyo hiyo walitoka wapi. Siku zile saba nilizoficha magunzi humo, mayai yalianguliwa. Nilichokwenda kuchoma na mafuta ya taa na pambio kilikuwa maganda matupu. Rosebella alikuwa amehamia beseni langu bila mimi kujua.

Unafikiri nilimwita? Niliwalisha Kiguru na Mama Mchungaji na Saa Sita. Nikanunua matetea wawili wengine, Tumaini na Safari. Kufikia katikati ya mwezi wa kumi nilikuwa nakusanya mayai kila siku, na Jumapili moja nilichinja jogoo, Mayi Nasambu akanywa supu jikoni kwangu, juu ya sakafu yangu yenye maua, akalamba vidole kimoja kimoja. "Kumbe na wewe ni mtu," akasema. Jioni hiyo alipokwenda kuoga alinipa mkebe wake wa tumbaku nimshikie. Sikuwa nimewahi kuona akimpa mtu. Niliushika kwa mikono miwili. Nikasogea karibu na ufa nikakohoa, ili upande wa pili waone nimeshika nini.

Siku tatu baadaye Rosebella alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia, mtupu, umeoshwa. Alikuja wakati ambao Mayi alikuwa amekaa pale pale mlangoni, na sijui mpaka leo kama alipanga hivyo.

"Mama Wekesa, nimesikia kuku wako wanafanya vizuri."

"Tunamshukuru Mungu."

"Nimekuja kuomba mbegu. Kidogo tu. Pipa langu limekauka."

Mbele ya Mayi ningesema nini? Nilichukua mkebe, nikaenda nyuma ya jiko, nikachuchumaa juu ya beseni. Na shetani akanionyesha njia. Kandokando ya beseni, pale pakavu, walikuwa wamejikusanya funza wa namna nyingine: weusi tii, wakavu, wagumu kama mbegu za papai zilizokaa juani, hawasongi. Niliona wamekufa. Nilikaa pale nikachambua. Nilichambua kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuchambua mchele wa wageni: kila mweupe aliyekuwa hai nilimrudisha ndani, kila mweusi niliyemwona maiti nikamtia mkebeni. Nikajaza mpaka juu. Nikampelekea maiti wake.

Alifunua mkebe. Akaangalia ndani kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu vile vile, na macho yake yakalowa. "Umekaa ukanichagulia," akasema. "Asante, dada." Hakuwa amewahi kuniita dada. Mimi nikasema karibu tena, na moyoni nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, nikidhani nimemwona akimeza uchungu.

Mwezi wote wa kumi na moja niliwalisha kuku wangu weupe bila kuhesabu, kwa mikono miwili, asubuhi na jioni, nataka wanenepe kabla ya Krismasi. Wakanenepa. Halafu beseni likawa maji. Nilikoroga kwa kijiti, nikakoroga tena, hakukuwa na hata mmoja. Na kwa ufa, kutoka upande wa pili, nikaanza kusikia ile mvua ndogo.

Siku mbili kabla ya Krismasi Mayi Nasambu alichukua kigoda chake mwenyewe. Hakumwita mtu amsaidie. Alizunguka kona ya jiko langu, akiburuta gunia la nguo, na mimi nikiwa nimesimama na tetea mnono mkononi, nimemshika miguu, kisu kiko tayari.

"Mayi, si nachinja?"

"Chinja, mwanangu, tutakula wote. Lakini kulala nitalala kule. Jikoni kwako kuna moshi."

Kulikuwa na moshi sawasawa pande zote mbili. Kuni zilikuwa za mti mmoja. Alilala kule miaka sita, akafia kule, na alipokuwa anakufa mkebe wa tumbaku ulikuwa chini ya mto wa Rosebella.

Mambo ya wale weusi niliyaelewa mwezi wa kwanza, mchana, kwa ufa kama kawaida. Rosebella alikuwa na boksi la mbao lenye majivu na vumbi la msumeno, na ndani kuna weusi kama wale niliompa, maiti wangu. Nikamwona mmoja akipasuka kichwani. Kikatoka kitu kimekunjamana, kikanyoosha mabawa, kikakaa juu ya ukingo wa boksi kwenye mwanga, cheusi, kirefu, kama nyigu. Nikarudi nyuma nikakaa chini juu ya maua yangu. Funza mweupe ni chakula tu. Mweusi ndiye anayelala ili aamke nzi, atage. Nilikuwa nimechambua mbegu yote, punje kwa punje, nikampa, na mimi nikabaki na chakula nikakila kikaisha.

Ndugu wale waligawana ploti baadaye, Barasa akarudi Kamukuywa, na Rosebella akaenda na pipa lake. Tulikutana kwenye harusi na mazishi. Alinisalimu "dada" kila mara, na kila mara nilimchunguza uso. Alijua? Hakujua? Ni swali gumu kubeba, kwa sababu nikimwuliza lazima niseme.

Basi Jumamosi iliyopita alisimama mjukuu wake Nekesa, msichana mrefu anayefuga hao hao nzi huko Bungoma, ana wateja wa kuku na wa samaki, kitu cha kusomewa siku hizi. Akashika kipaza sauti akasema: "Watu wanauliza hii kazi nilitoa wapi. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa anatuambia kila siku. Ati kuna mwaka nilifilisika, nikaenda kwa Mama Wekesa na mkebe mtupu. Angenipa weupe, ningelisha kuku siku mbili niishe tena. Yeye alikaa chini akanichagulia weusi peke yake. Akanipa mbegu, yeye akabaki na chakula. Kukhu Selina yuko wapi? Kukhu, simama wakuone."

Nikasimama. Mtu akaniwekea kipaza sauti mdomoni, na nikaangalia lile jeneza, na nikasema kile nilichokuwa nimekibeba: "Mimi nilidhani wamekufa."

Hema lote likacheka. Wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. "Kukhu ana vituko, bana!" akasema kijana mmoja nyuma yangu. Nilirudia, "Kweli, nilidhani wamekufa," wakacheka zaidi. Ukweli wangu wa miaka arobaini ukapokelewa kama unyenyekevu. Nikakaa. Hata ndani ya sanduku alikuwa amenishinda.

Jumatatu Nekesa alinipitisha Bungoma nione kazi yake. Vyumba vya wavu, nzi wamejaa juani, mbao nyembamba zimepangwa kwa ajili ya mayai. Lakini kwenye kona, juu ya beseni moja, kulikuwa na magunzi yamefungwa kwa kitambaa chekundu.

"Hayo ni ya Kukhu," akasema. "Hatuyatoi."

Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Alikuambia ya kwanza kabisa yalienda wapi?"

"Ati yaliazimwa na jirani," akasema Nekesa. "Yakarudi na watoto."

Kwa hivyo alijua. Alijua siku ile aliyokuja na mkebe, alijua alipofunua, alijua akiniita dada. Wizi wangu akauita kuazima, na ubaya wangu akaufanya hadithi nzuri ya kuwasimulia wajukuu, na mimi nikiwa humo ndani, mtu mwema. Sijui kama ni msamaha au alikuwa ananirudishia kwa njia ambayo siwezi kuilalamikia. Kwenye gari ya kurudi nilijikuta nimemkasirikia, na wivu ule ule, mzima, kama umeamka leo.

Nekesa alinipa mkebe. Weusi tupu. Nilimwambia aongeze na weupe kidogo, akacheka, "Weupe ni wa kuku, Kukhu." Nimewaweka kwenye beseni nyuma ya jiko, pale pale penye joto, na nimetundika magunzi. Jana wa kwanza ametoka. Upande wa pili wa ukuta siku hizi kuna mpangaji, kijana fulani anaitwa Kevo, anafuga sungura. Na bado kila asubuhi, kabla sijafunua gunia niangalie wangu, naenda kwanza kwenye ufa, nakunja shingo, niangalie wa Rosebella wamefika wapi.